Watoto wafupi katika nchi ya maharagi

Milima ya Lubero, huku kwetu Kivu Kaskazini, inalisha watu wengi ambao hawajawahi kuiona. Viazi, maharagi, kabichi na vitunguu vya huku vinateremka Goma, vinavuka msitu kwenda Kisangani, na enzi za Zaire vilipandishwa ndege hadi sokoni Kinshasa. Kyavinyonge inatuletea samaki wa ziwa Edouard, upande wa Mbau unatupa mawese. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba asilimia 52 ya watoto wa Kivu Kaskazini walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 43. Sisi wenye udongo mweusi na mvua mara mbili kwa mwaka tulikuwa nyuma ya mikoa tunayoihurumia.

Toleo hili limeandikwa kwa sababu ya namba hiyo, na kwa sababu ni wachache mno wanaoishtukia.

Mtoto aliyekonda anaonekana. Mwenye bwaki, aliyevimba miguu na nywele zimebadilika rangi, jirani atamwambia mama yake ampeleke hospitali upesi. Pale kituoni muuguzi anamfunga ule mkanda wa rangi kwenye mkono: chini ya milimita 115 ni nyekundu, na matibabu yanaanza siku hiyohiyo. Mkanda huo umeokoa maisha mengi. Lakini haupimi urefu. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili anaweza kupata kijani, mama akapongezwa, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyekosea hapo, na bado mtoto huyo amekwisha kupoteza kitu. Kudumaa huanzia tumboni, hukaza katika miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo ni vigumu mno kukirudisha kimo kilichopotea. Ubongo nao unajengwa katika siku hizohizo 1,000, tangu mimba hadi miaka miwili. Msichana aliyedumaa anaweza kukua na nyonga nyembamba, na siku ya kujifungua ndipo deni hilo linapodaiwa.

Sababu ziko nyingi: malaria, kuhara, minyoo, uzazi wa kufuatana. Mimi nataka kukaa kwenye sahani.

Bugali wa muhogo unashibisha, na shibe hiyo ndiyo inayotudanganya. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi gramu 2 za protini. Maharagi makavu ya uzito huohuo yana zaidi ya 20. Tena muhogo mchungu una sayanidi. Kuuloweka siku kadhaa na kuukausha vizuri huondoa sehemu kubwa ya sumu, na kinachobaki mwili unakivunja wenyewe kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini bora, ile ya samaki, yai, nyama. Asiyekula vyakula hivyo anatumia akiba ambayo ingemkuza. Na mabaki ya kazi hiyo yanaizuia tezi ya shingoni kupokea iodini. Kisiwani Idjwi, kuanzia miaka ya 1960, watafiti walishangazwa na jambo moja: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo, ilijaa kaskazini na ilikuwa chache kusini-magharibi. Tofauti waliikuta kwenye muhogo. Ndiyo maana chumvi yenye iodini si anasa ya watu wa mjini, hasa kwa mwenye mimba, maana iodini ikipunguka sana tumboni, akili ya mtoto inaumia kabla hajazaliwa.

Sasa tazameni uji. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, na uji mwepesi wa unga wa muhogo unalijaza maji. Uji wa masoso, wenye mahindi, soja na mtama, ni bora kwa mbali, kwa sababu mahindi yana upungufu ambao soja inauziba, sawa na yanavyofanya maharagi. Ukiwa mzito mno hata mtoto hawezi kuumeza, wazee wetu walikuwa na dawa yake: unga wa mtama uliooteshwa kisha kukaushwa. Kijiko kimoja kinaulainisha uji mzito bila kuuongezea maji, halafu urudishwe motoni uchemke tena. Kijiko kidogo cha mawese kinaongeza kalori karibu 40 pamoja na rangi ile nyekundu ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ya magonjwa. Wale wanaoyachoma mawese mpaka yawe meupe wanaitupa vitamini hiyo kwa mikono yao.

Nisieleweke kwamba nawalaumu akina mama. Tangu Oktoba 2014 wauaji wamewafukuza watu mashambani kuanzia Oicha na Mbau hadi Eringeti na Rwenzori. Mwanamke aliyekuwa na maharagi yake, lenga-lenga yake na kuku wake leo ananunua unga kwa kikombe katika mtaa wa Beni au Butembo, na unga wa bei nafuu ni wa muhogo. Anayemfundisha huyo makundi ya vyakula bila kuuliza shamba lake liko wapi anampotezea wakati. Amani ni sehemu ya lishe, na serikali iambiwe hivyo.

Lakini ziko nyumba nyingi ambazo zingeweza na hazifanyi. Mayai yote yanauzwa, hakuna hata moja linaloingia kwenye uji. Kakao inaleta dola, na dola haziteremki sahanini. Kobayi wanafugwa jikoni, nyama yao anakula baba na mgeni. Samaki mkubwa anamngoja mzee, mwenye mimba anapewa mchuzi. Chai kali inanywewa palepale pamoja na maharagi na inazuia madini ya chuma yasiingie damuni, wakati pera moja la nyuma ya nyumba lingeyasaidia yaingie. Haya hayangoji mradi wala mzungu.

Kwa hiyo wasomaji wetu tunawaomba mawili. Akina baba, yai la kwanza la juma liende kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, na kipande cha samaki kwa mama yake. Na nyote mnaopeleka watoto kupimwa, msiridhike na uzito na mkanda. Mwombeni muuguzi amlaze mtoto kwenye ubao, apime urefu wake, auandike kwenye fishi, na awaambie maana yake.