Kiwanja kimeuzwa, makaburi ni ya nani?

KUKUA kwa mji wa Kibaha kandokando ya Barabara ya Morogoro kumegeuza mashamba mengi ya ukoo kuwa viwanja vya makazi, na kata ya Tangini ni miongoni mwa maeneo ya mji huo. Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa ukanda huu, walizoea kuzika karibu na makazi yao. Shamba linapokatwa vipande na kuuzwa, kaburi la babu huweza kujikuta ndani ya uzio wa mgeni.

Je, kaburi hilo ni la nani?

Serikali ikiwa ndiyo inayohitaji ardhi, jibu lipo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inampa Waziri mamlaka ya kuhamisha kaburi lililo katika ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, baada ya kutoa taarifa, na kuhakikisha kuwa marehemu anazikwa upya. Fidia yake si bei ya kaburi, bali ni gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika, pamoja na za ibada au tambiko linaloambatana na shughuli hiyo. Waliotunga sheria hiyo, miaka minane tu baada ya Uhuru, walijua wanazungumza na watu gani.

Utata unaanza pale mnunuzi anapokuwa mtu binafsi. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili yake, kwani nyumba yake si manufaa ya umma. Kanuni ya Adhabu inakataza kuingilia mahali pa maziko, lakini kosa hilo linahitaji nia ya kuumiza hisia za watu, au kujua kwamba huenda zikaumia, na mwenye kusawazisha kiwanja atasema alikuwa akijenga tu. Kinachobaki ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Humo hutajwa bei, mipaka na mashahidi. Makaburi yakisahauliwa, ndugu hawana pa kushika.

Ni kweli kwamba mamlaka za miji zina uwezo wa kutenga maeneo ya maziko. Hilo litawafaa watakaofariki kesho. Waliokwisha kulala shambani haliwagusi.

Hatua isiyohitaji kusubiri Bunge ni ofisi za mitaa kukataa kugonga mhuri hadi muuzaji atamke kama kiwanja kina makaburi, ni mangapi, na ndugu watayazuru kwa utaratibu gani, au yatahamishwa kwa gharama ya nani. Wapimaji nao wayaonyeshe katika ramani zao, hasa yale yasiyojengewa saruji, maadamu wazee wanaojua yalipo wangali hai.