Ameachishwa kazi, ana milioni moja na nusu: usimpe machimbo kwanza



Leo tuongee kuhusu meseji ambayo karibu kila anayeuza mtandaoni ameshaipata. Inakuja hivi: "Dada, nimepunguzwa kazi. Wamenilipa kama milioni moja na nusu. Naona biashara yako inakwenda vizuri, naomba machimbo na mimi nianze."

Na majibu yetu tunayajua. Tunampa namba ya duka la Kariakoo, tunamwambia "usiogope, hela ikikaa inaisha, izungushe." Wengine tunamuuzia kabisa orodha ya machimbo, halafu tunajiona tumemsaidia.

Maoni yangu ni haya: jibu hilo linaumiza watu. Mtu aliyepoteza kazi jana hana shida ya machimbo, ana shida ya muda. Mshahara wa mwisho umeshaingia, mwenye nyumba anasubiri kodi yake, watoto wanakula kila siku. Hela aliyonayo mkononi ndiyo mshahara wa miezi inayokuja. Akiimaliza yote kwenye mzigo wiki ya kwanza, amechukua chakula cha familia akakigeuza magauni. Na magauni hayaliwi.

Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Tuseme nyumbani kwake kunatumika laki tano kwa mwezi: kodi, chakula, umeme, maji, nauli za watoto, vocha. Ana milioni moja na nusu. Hiyo ni miezi mitatu, siku tisini.

Sasa ameinunulia mzigo wote. Mgeni kwenye biashara, tumpe faida ya asilimia 25 baada ya kutoa usafiri na matangazo, na tuseme anauza nusu ya mzigo kila mwezi. Kwa mtu asiye na wateja, hapo nimempendelea. Mwezi wa kwanza anapata faida ya 187,500, lakini nyumbani wanahitaji 500,000. Tofauti inatoka kwenye mtaji. Mwezi wa pili mtaji umepungua, kwa hiyo faida nayo inashuka, kama 148,000. Mwezi wa tatu inashuka tena, kama 104,000. Mwezi wa tatu ukiisha ana mzigo wa kama laki nne na elfu kumi na nane ndani, ule ambao hautembei, na mkononi ana elfu ishirini na mbili tu.

Hapo ndipo anapokutana na kausha damu, au zile programu za mikopo za kwenye simu zinazopigia simu ndugu zako wote ukichelewa siku moja. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza kufungia nyingi zisizo na leseni, lakini mtu mwenye njaa haulizi leseni. Mwezi wa nne hana kazi, hana mtaji, na sasa ana deni. Wakati huo sisi tuliompa machimbo tunasema "biashara si ya kila mtu."

Huyo mtu hakushindwa biashara. Aliianza na hela ambayo haikuwa mtaji.

Sasa tumwambie nini?

Kwanza, adai chake chote kabla hajafikiria kuuza chochote. Wengi wanapokea bahasha na kusaini bila kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema aliyefanya kazi angalau mwaka mmoja akaachishwa na mwajiri anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10, isipokuwa kama aliachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu au kwa sababu nyingine chache zilizotajwa humo. Kuna pia malipo ya notisi kama hakupewa notisi, malipo ya likizo ambayo hakwenda, na cheti cha utumishi. Mtu wa mshahara wa laki sita, aliyefanya kazi miaka sita kwa siku sita za wiki, kiinua mgongo peke yake ni karibu laki tisa na elfu sabini.

Na kama anaona ameonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki ndani ya siku 30. Siku 30 ni chache sana. Anayetumia mwezi wa kwanza kuzunguka Kariakoo anaweza kuja kushtuka mlango umeshafungwa.

Pili, fao la kukosa ajira. Nashangaa ni wangapi wamechangia NSSF miaka na miaka na hawajui kwamba lipo. Kwa ufupi, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akaachishwa kazi, siyo aliyeacha mwenyewe, anaweza kulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Masharti yapo, kwa hiyo aende mwenyewe ofisi ya NSSF akaulize, asitegemee maneno ya kijiweni. Aliyekuwa mtumishi wa umma aende PSSSF.

Ona hesabu inavyobadilika. Theluthi ya laki sita ni laki mbili kwa mwezi. Familia wakae chini, wabane matumizi kutoka laki tano hadi laki nne. Pengo linabaki laki mbili kwa mwezi. Miezi sita ni milioni moja na laki mbili. Kwenye ile milioni moja na nusu inabaki laki tatu.

Hiyo laki tatu ndiyo mtaji. Hiyo ndiyo hela ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayelala njaa. Siku tisini za kuhangaika zimekuwa miezi sita ya kutafuta kazi kwa akili na kujaribu biashara bila kutetemeka.

Lakini hesabu hiyo inawezekana tu kama nyumbani wanajua. Wapo wanaume kwa wanawake wanaotoka kila asubuhi wamevaa vizuri kama wanakwenda ofisini, kumbe wanashinda kwa rafiki wakisubiri jioni. Aibu hiyo ina gharama. Kama mke au mume hajui, matumizi hayapungui hata shilingi, na watoto wanaendelea kuahidiwa vitu ambavyo hela yake haipo. Anayeficha analipa nauli ya kwenda kazini ambako hayupo. Aseme, tena mapema, hela ikiwa bado ipo.

Tatu, asubuhi iwe na saa. Mtu anaweza kudhani asiye na kazi ana muda mwingi, kumbe muda wenyewe unamponyoka. Miaka ya 1930 watafiti walikwenda kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda kilichoajiri karibu kila mtu kilikuwa kimefungwa. Waliona watu wenye siku nzima mbele yao, lakini wanaume wakitembea polepole zaidi, wakisimama simama njiani, na hata vitabu vya maktaba wakiazima vichache kuliko walipokuwa na kazi. Ukiwauliza siku imeendaje, wengi hawakuwa na la kueleza.

Sisi wauzaji wa mtandaoni tunalielewa hilo bila kufika Austria, maana hatuna bosi wa kutuamsha. Kwa hiyo tumfundishe tunachokijua: saa mbili hadi saa nne asubuhi ni maombi ya kazi na kupigia simu watu wa kazi ya zamani. Saa nne hadi saa nane ni kujaribu biashara. Jioni ni familia. Na asiache kutafuta kazi eti kwa sababu amefungua ukurasa wa Instagram.

Nne, na hapa ndipo sisi tunahusika moja kwa moja: awe winga kabla ya kuwa mwenye duka. Wote tunawajua mawinga wa Kariakoo. Hana mzigo hata mmoja, ana wateja na mdomo. Mtandaoni ni rahisi zaidi. Badala ya kumpa namba ya machimbo, mpe picha zako. Mkubaliane bei yako, yeye aongeze yake, aweke kwenye status, atafute oda. Mteja akilipa, alipe kwenye lipa namba yako, wewe unatuma mzigo, jioni unampa chake. Hashiki mzigo, kwa hiyo huna hofu ya kutoroshewa, na yeye hana hofu ya kufiliwa na stoo.

Mwezi mmoja wa uwinga unafundisha kuliko darasa lolote. Atajua kama anaweza kujibu "bei gani?" mara hamsini kwa siku bila kukasirika. Atajua wateja wake wako wapi, wanataka nini, na wanalipa tarehe ngapi. Akiona inamkubali, ile laki tatu anajua aiweke wapi. Akiona haimkubali, amepoteza bando tu.

Najua wapo watakaosema nawatisha watu. Watasema, "Mimi nilianza na kila kitu nilichokuwa nacho na leo nina duka." Hongera, kwa kweli. Lakini tunaowasikia ni waliofika. Walioliwa na mwezi wa nne hawana ukurasa wa kutuhadithia. Wengine watasema hela ya benki inaliwa tu bila kuzaa. Ni kweli inaliwa. Ila hela inayolishwa familia kwa mpango imefanya kazi yake, imenunua miezi sita ya kichwa kutulia. Mtu aliyetulia anachagua kazi na anachagua biashara. Mwenye presha anachukua chochote.

Na wewe unayesoma hapa usijione uko mbali na haya. Anayeuza mtandaoni anaweza kukosa kazi ghafla kuliko aliyeajiriwa. Akaunti inafungwa usiku mmoja, mzigo unakwama bandarini, Januari inakuja na ada za shule na hakuna anayenunua kiatu. Sisi hatuna notisi wala kiinua mgongo. Kwa hiyo tenga hela ya chakula ya angalau miezi miwili mbali na hela ya mzigo, na uandike namba za wateja wako kwenye daftari, siyo kwenye akaunti peke yake. Ukitaka, jiunge na NSSF kama mchangiaji wa hiari, milango iko wazi kwa waliojiajiri.

Wiki hii meseji ile ikiingia, usikimbilie kutuma machimbo. Muulize kwanza maswali matatu. Hela yako inalisha nyumba siku ngapi? Umeshakwenda NSSF? Mwenzako nyumbani anajua? Akishajibu hayo, mtumie picha kumi za bidhaa zako na bei ya winga. Kesho asubuhi atakuwa na cha kufanya, na hela yake bado itakuwa mfukoni.