Bolti za Hedi Hazipimwi kwa Macho

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na itakuja, msinipigie kelele. Leo nina hasira, na hasira yenyewe haihusu kompyuta. Inahusu vyuma kumi, kila kimoja urefu wa kalamu hivi, vilivyolazwa juu ya gunia lenye oili katika gereji moja mjini Nakuru, na fundi aliyevitazama kwa sekunde tano akasema, "Hizi ziko sawa, rudisha."

Mjomba wangu ana Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya silinda nne na lita moja na nusu. Hupandisha chakula cha mifugo hadi Molo, akishuka anabeba viazi. Gari hilo ndilo shamba lake, ndilo karo ya watoto wake. Februari 2025 paipu ya maji ilipasuka akiwa mlimani, taa nyekundu ya joto ikawaka, naye kama madereva wengi akasema acha nifike pale mbele kwanza. Alifika, lakini gasketi ya hedi haikufika naye.

Gereji wakafungua injini. Jioni mjomba akanipigia simu: "Kijana wangu, wewe ndiye umesomea mambo ya mashine. Fundi anasema bolti za hedi si lazima zinunuliwe mpya. Unaonaje?" Nilikuwa katikati ya kazi, nataka simu iishe. Nikamjibu, "Mjomba, kama fundi amesema si lazima, basi si lazima." Shahada ya sayansi ya kompyuta mfukoni, na jibu la mtu asiyetaka kusumbuliwa! Kwa hivyo mkisoma makala hii mjue namlaumu fundi, lakini nami nimo kwenye mashtaka.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Gasketi shilingi 2,800. Kuskimu hedi, yaani kusawazisha uso wake kwenye mashine, 2,500. Ufundi 8,000, ukiacha oili na vitu vidogo vidogo. Bolti kumi mpya zingekuwa 4,000. Mjomba akaokoa elfu nne, akashukuru. Wiki sita baadaye maji yakaanza kupungua bila kuvuja popote, kisha mapovu kwenye chupa ya maji, kisha oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Hedi ilikuwa imepinda kiasi cha kutoskimika tena. Hedi ya mtumba, gasketi nyingine, ufundi mwingine, oili nyingine: zaidi ya 40,000, na wiki mbili za msimu wa viazi gari likiwa juu ya mawe.

Sasa nije kwenye ile kauli. Nilipompigia fundi wa kwanza kumuuliza kwa heshima alivyojua kwamba bolti ni nzima, alinijibu: "Bolti ni chuma, ndugu yangu. Chuma hakizeeki. Miaka ishirini nafanya kazi hii." Nataka kuichambua sentensi hii kwa sababu nimeisikia gereji nyingi, na kwa sababu ina robo ya ukweli, na robo ya ukweli ndiyo inayochoma injini za watu.

Watu wengi hudhani kazi ya bolti ni kama ya msumari, kushikilia kitu kisiondoke. Sivyo. Bolti ya hedi ni springi. Unapoikaza unaivuta, inarefuka kidogo sana, na katika kutaka kurudi urefu wake wa kwanza inaibana hedi juu ya bloku. Nguvu yote inayozuia moto, maji na oili visichanganyike inatoka kwenye huko kurefuka. Na si nguvu ya mchezo. Tundu la silinda ya 1NZ lina kipenyo cha milimita 75, yaani eneo la sentimita 44 za mraba. Shinikizo la mlipuko likifika baa 60, hedi inasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2.7. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapiga teke hilo mara 25 kwa sekunde. Halafu kuna joto. Alumini ya hedi hutanuka karibu maradufu ya chuma cha bolti. Hedi yenye kimo cha milimita 100 ikipanda nyuzi 80, inakua kwa karibu milimita 0.18 ilhali bolti inataka kukua 0.1 tu. Hiyo tofauti inabebwa na bolti kila unapowasha gari, na kuachiliwa kila unapozima.

Springi ina mpaka. Ukiivuta ndani ya mpaka, ukiachilia inarudi. Ukipita mpaka hairudi, inabaki ndefu, na mahali fulani katikati kiuno chake kimekonda. Hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatukufundishwa: injini nyingi za kisasa zimeundwa makusudi bolti zake zivutwe hadi kwenye mpaka huo au kuupita kidogo. Huo si wazimu. Pale mpakani nguvu ya kubana haibadiliki sana hata bolti ikirefuka zaidi kidogo, kwa hiyo bolti zote kumi zinabana karibu sawasawa, na hedi inapotanuka hazipandishi nguvu ghafla. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini gharama yake ni kwamba kila ukikaza upya unakula sehemu ya uhai wa bolti.

Ndiyo maana maelekezo ya 1NZ hayasemi "kaza hadi ikatae." Yanasema kaza Newton-mita 29, weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti, zungusha digrii 90, kisha digrii 90 nyingine, kwa mpangilio unaoanza katikati ya hedi kwenda pembeni. Mbona wanahesabu digrii? Kwa sababu spana ya torki ni mwongo mwenye sura ya ukweli. Haipimi kubana. Inapima ugumu wa kuzungusha, na wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 90 ya huo ugumu ni msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye uzi. Uzi ukiwa na kutu, au ukiwa umepakwa oili kupita kiasi, namba ileile kwenye spana inaleta kubana tofauti kabisa. Pembe haidanganyiki hivyo. Kama hatua ya uzi ni milimita 1.25, robo mzunguko ni milimita 0.31, iwe uzi mkavu au wenye oili.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa unaofanana na wa fundi wangu. Mtu anafungua ukurasa, anaona hakuna maandishi mekundu, anatangaza programu haina hitilafu. Lakini kitu chenye hali ya ndani hakionyeshi historia yake usoni. Bolti ina kumbukumbu. Imekazwa mara ngapi? Na nani? Ilichemka mlimani Molo ikiwa imevutwa mpakani? Majibu yamo kwenye urefu wake, kwenye sehemu za kumi za milimita, na macho hayasomi sehemu za kumi za milimita.

Tena angalia: sisemi kila bolti itupwe! Wapo wenzangu, hasa wale wanaojifunza magari kwa kutazama video, ambao ukitaja kurudisha bolti wanakuona muuaji. Hao nao wameacha kufikiri. Toyota wenyewe kwenye 1NZ wanakuambia upime urefu wa bolti, na ikizidi kikomo kilichoandikwa ibadilishwe. Maana yake isipozidi, inarudi, na aliyeiunda ameridhia. Cummins wameweka kikomo cha urefu kwa bolti za hedi za injini zao za dizeli za mfululizo wa B. Kwa upande mwingine, Volkswagen na BMW kwa injini zao nyingi wanasema tu mpya kila mara, na hapo hakuna mjadala, hata kama bolti inang'aa kama pete ya arusi. Na ukirudi nyuma kwenye Peugeot 504, zile zilizobeba nusu ya nchi hii, bolti zilikazwa kwa torki bila kufikishwa mpakani, gari likatembea kidogo, zikakazwa tena. Hizo kweli zilirudi na kurudi. Fundi wangu alijifunzia kazi kwenye magari ya namna hiyo, na kwa magari hayo alikuwa sahihi. Injini zikabadilika, sentensi yake haikubadilika.

Kuna hoja moja ambayo nampa, na nampa yote. Aliniambia, "Wewe unasema mpya, mpya ipi? Nusu ya hizi mpya ni bandia." Ni kweli. Ukitembea Kirinyaga Road unaweza kuuziwa kitu kwenye boksi zuri kilichotengenezwa na chuma cha kufungia lango la mbuzi. Bolti ya asili ambayo haijapita kikomo ni bora kuliko mpya ya bandia, sibishi. Lakini tazama hoja hii inakupeleka wapi: inakupeleka kwenye kupima. Pima ya zamani. Pima na mpya pia, ilinganishe na ya zamani kwa urefu na kwa uzi, iingize kwa vidole uone kama inateremka bila kulazimishwa. Hofu ya bandia si leseni ya kutopima chochote.

Wengine watasema mteja ni maskini, fundi anamhurumia. Hii ndiyo inayonichemsha zaidi. Huruma gani inayomwokolea mtu elfu nne kwa kumwekea kamari ya elfu arobaini bila kumwambia kwamba ni kamari? Bolti zikishindwa, fundi analipwa ufundi mara ya pili. Mjomba ndiye analipa mara mbili. Mwenye kuamua si mwenye kuumia, na mwenye kuumia hakuulizwa kwa lugha anayoielewa. Angeambiwa, "Mzee, sijazipima, sina kipimo, tunabahatisha," angejua la kufanya. Mjomba si mjinga. Anapima viazi kila siku.

Na kipimo chenyewe si roketi. Ni vernia, ile tuliyochezea kwenye maabara ya fizikia kidato cha pili. Unasafisha bolti, unapima kutoka chini ya kichwa hadi ncha, unalinganisha na kikomo cha injini hiyo. Kwa injini nyingine unapima kiuno cha uzi badala ya urefu, ndiyo maana lazima usome maelekezo ya injini iliyo mbele yako. Dakika kumi kwa bolti kumi. Ukiwa hapo, safisha na mashimo yake kwenye bloku, kwa sababu oili au maji yaliyokaa chini ya shimo hayabanwi. Unakaza ukidhani unavuta bolti, kumbe unasukuma kioevu, na bloku zimewahi kupasuka hivyo.

Fundi wa pili, ni mzee wa miaka sitini na kitu. Nilitarajia niletewe "chuma hakizeeki" nyingine. Mzee alitoa vernia kwenye kisanduku cha miwani. Ukutani kwake ameandika vikomo vya bolti kwa wino mweusi, injini baada ya injini, na vingine vimefutika kwa oili ameviandika upya pembeni. Alipima zote kumi mbele ya mjomba, akamfanya asome namba kwa sauti. Tatu zilikuwa zimepita kikomo, zote upande mmoja wa hedi, upande ule ule gasketi ilipoungulia.

Je, naweza kuapa mahakamani kwamba ni hizo tatu zilizoua injini? Siwezi. Pengine hedi haikuskimiwa vizuri, pengine mashimo yalikuwa na maji. Ninachojua ni kwamba bolti tatu zilizopaswa kutupwa zilirudishwa na mtu ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua, na alisema kwa uhakika wa mtu anayejua.

Nilipompelekea fundi wa kwanza picha ya vipimo alinijibu nirudi kwenye kibodi yangu niache gereji kwa wenye gereji. Sawa. Nimerudi kwenye kibodi.

Zile bolti tatu niliziomba, ziko hapa mezani kando ya moja nzima. Nimezipanga kwa mstari, nikazigeuza, nikaziangalia kwenye taa dakika nzima. Sioni tofauti yoyote.

Sehemu ya pili ya hifadhidata ni Jumamosi, Mungu akipenda.