Kompyuta Kongwe Haijafa, Acheni Kuizika

Nisameheni kwa kimya kirefu, kazi zilinibana. Leo nimerudi na hasira, na hasira zenyewe zimetoka madrasa moja huku kwetu Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ndia Kuu.

Ustadh alinipigia simu. "Mwanangu, fundi amekuja, kasema kompyuta zetu zote sita zimekufa." Nikashtuka. Zote sita kwa pamoja? Umeme ulizidi au vipi? Nikatembea hadi pale baada ya alasiri, nikaziwasha. Zote sita zikawaka! Watoto walikuwa wamezitumia asubuhi ile ile kuandika insha. Kumbe "kufa" maana yake ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na mashine hizi hazipokei Windows 11. Ndicho kifo chenyewe hicho. Fundi wa watu (duka lake silitaji) alikuwa keshaandika bei: mashine sita, shilingi 38,000 kila moja. Piga hesabu mwenyewe, ni 228,000. Hii ni madrasa inayolipa umeme kwa mchango!

"Nikamuuliza, hakuna njia nyingine?" Ustadh akaniambia. "Akanijibu, ustadh, rahisi ghali."

Haya, tuziangalie hizo maiti. Ni Core i3 za kizazi cha tatu, chipu zilizotoka mwaka 2012, RAM gigabaiti 4. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka takriban kizazi cha nane kwenda juu, yaani mwaka 2017 na kuendelea. Basi hapo hakuna kilichovunjika. Kilichokosekana ni kibali. Sisemi kibali hicho ni upuuzi mtupu, maana TPM hutunza funguo za siri mahali ambapo virusi hawafiki kirahisi, na Windows isiyopata viraka ukiiachia kwenye mtandao ni hatari kweli. Lakini kutoka "usiiunganishe na intaneti hivi hivi" hadi "itupe" kuna safari ndefu, na fundi aliiruka kwa sababu njiani hakuna chake.

Mimi nimelelewa na kompyuta kongwe. Ami yangu alikuwa na saiba Kibokoni, na karibu mwaka 2008, nikiwa mtoto wa shule, kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kuskani picha za pasipoti. Mashine zilikuwa Pentium 4 zenye RAM megabaiti 256. Programu ya picha iliyokuja na skana ilichukua muda wa kunywa kahawa nzima kufunguka. Ami akaweka nyingine yenye alama ya kinyama chekundu, IrfanView. Ukibofya, picha hiyo hapo! Kwa miaka nilidhani huyo Irfan ni kijana wa Kuze au wa hapo hapo Kibokoni. Jina si letu hilo? Kumbe ni Irfan Škiljan, Mbosnia aliyesoma Vienna, aliyeitoa programu yake mara ya kwanza mwaka 1996. Mtu mmoja tu! Na hadi leo anaitunza, ni megabaiti chache, na bado inafunguka kwenye XP, mfumo ambao Microsoft wenyewe waliuacha Aprili 2014.

Siri yake haina uchawi. Imeandikwa karibu kabisa na Windows yenyewe, haibebi mizigo. Programu nyingi za siku hizi zinajengwa kwa Electron, maana yake kila moja inakuja na kivinjari kizima tumboni. Fungua tatu za namna hiyo kwenye RAM ya gigabaiti 4 uone moto. Halafu tunasema kompyuta ni nzee! Aliyenenepa ni nani hapo?

(Tusidanganyane lakini. Irfan alisema ni bure kwa matumizi ya nyumbani, ya masomo na ya hisani, mwenye biashara alipe. Saiba ya ami ilikuwa biashara. Ami hakulipa, wala sikumbuki mwenye saiba yeyote mtaani aliyelipa. Deni hilo tunalo.)

Na hayuko peke yake. Igor Pavlov, Mrusi, alianza 7-Zip mwaka 1999 na bado anaitoa, huria na bure. Jim Hall alikuwa mwanafunzi Marekani mwaka 1994 aliposikia Microsoft wataiacha MS-DOS. Badala ya kulalamika akaanzisha FreeDOS, na toleo la 1.4 limetoka Aprili 2025, miaka 31 baadaye! Pete Batard naye ana Rufus, kiprogramu kidogo kinachogeuza flashi ya kawaida kuwa ya kusimikia mfumo mpya. Mafundi wetu wote wanayo Rufus mfukoni, hata huyo wa 228,000.

Msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bure. Wakati huo hata Windows ya Kiswahili ilikuwa bado haijafika mezani kwa mtu. Watu walikaa wakabishana neno moja moja waliiteje. Sisi tuliokuja baadaye, wenye digrii za sayansi ya kompyuta na intaneti ya kasi tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, tumefanya nini? Kila niliyesoma naye anajenga app ya kukopesha. App ya kukopesha! Ukimwambia mtu umeandika kiprogramu cha kilobaiti 84 kwa lugha ya C anakutazama kama unayetengeneza jahazi kwa mkono. Kwani majahazi hayaelei?

Kilobaiti 84 si mfano, ni kidude changu. Mnakijua kile kirusi cha shotikati. Unachomeka flashi saiba, ukifika nyumbani folda zote zimegeuka shotikati. Wengi hulia, wengine huifomati flashi na kupoteza kila kitu. Lakini faili hazikuenda popote! Kirusi kimezificha tu, kimezipa alama ya faili za mfumo, halafu kimeweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya, kinajiendesha kwanza kisha kinakufungulia folda yako ya kweli, usishtuke. Microsoft walizima autorun ya flashi kwenye XP mwaka 2011, ila hiki hakihitaji autorun, kinahitaji kidole chako. Dawa ipo ndani ya Windows yenyewe. Ikiwa flashi ni E, andika kwenye dirisha la amri:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zinarudi. Bado ufute zile shotikati na kirusi chenyewe, kwenye flashi na kwenye mashine. Kidude changu hufanya hayo kwa vitufe vitatu vya Kiswahili, ili bibi anayechapisha kadi za harusi asihitaji kunipigia simu saa nne usiku. Nilikigawa bure pamoja na msimbo wake. Mwezi uliopita nikakikuta kibanda kimoja mjini kinauzwa shilingi 200, jina langu limefutwa, msimbo umeondolewa. Mia mbili hainiumi. Kinachoniuma ni msimbo. Niliuacha humo ili mtoto wa kidato cha tatu aufungue, auvunje, auelewe, kama nilivyofanya mimi na vya wengine.

Turudi madrasa. Jumamosi nzima nilikaa pale na Rufus na flashi moja. Kompyuta nne nimezitia Linux Mint ya Xfce, ambayo inapata viraka vyake vya usalama na inatosheka na RAM ile. Hizo ndizo za intaneti. Mbili nimeziacha na Windows 10, nikachomoa waya wa mtandao, kwa sababu printa ya Ustadh ni ya zamani na ilikataa katakata kuzungumza na Linux. Nilipambana nayo saa tatu, ikanishinda, nakiri. Kwenye hizo mbili kuna IrfanView, 7-Zip, na kidude changu, kwa kuwa faili sasa zitahama kwa flashi. Gharama yote: flashi niliyokuwa nayo, na Ustadh akaninunulia mahamri na kahawa.

Fundi alipiga simu jioni kuuliza kama mashine mpya aagize za rangi nyeusi au kijivu. Ustadh akamwambia maiti zimefufuka, aje azione.

Hajaja bado. Mimi Jumamosi ijayo nitakuwa pale pale baada ya adhuhuri. Mwenye kompyuta iliyotangaziwa kifo ailete, na mwenye kuijua ile printa aje kabisa. Na kama umeuziwa kidude changu kwa mia mbili, njoo na flashi, nitakupa msimbo wake.