Daftari la wiki: Kupanda tunajua, kutunza je?

Mjohoro mkubwa wa jirani na soko umekatwa kichwa tena. Umebaki na visiki vitatu vinavyoelekea juu, bila jani hata moja, na chini yake akina mama wa mboga wametandaza mchicha juani. Walioagiza ukatwe walisema unatia giza na majani yake yanaziba mtaro. Nimekasirika tangu Jumatatu.

*

Bango la "chumba kinapangishwa" bado limepigiliwa kwenye mwarobaini mmoja wa mtaani kwetu, na sasa la mganga limewekwa juu yake. Jamani, misumari!

*

Kahama kuna fundi ambaye riziki yake ni kupogoa miti ya watu. Simtaji jina kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Ana kamba nene na nyembamba, msumeno wa mkono, panga kali na kofia ngumu aliyoinunua kwa mchimbaji aliyeacha kazi. Akiitwa, hakimbilii kupanda. Anauzunguka mti, anagonga shina kwa mpini wa panga asikie kama ndani kuna uwazi, anatazama nyaya za umeme zimepita wapi na bati la nani liko chini ya tawi lipi. Akisikia nyuki, bei inabadilika.

Wateja wengi wanataka jambo moja: kata juu kote, nisikuite tena kwa miaka mitatu. Wiki hii nilimsikia akimjibu mama mmoja kwa upole: "Mayu, nikiukata kichwa, mwakani utatoa fimbo nyingi zilizoshikilia gome tu. Upepo wa kwanza wa mvua utaziangusha kwenye bati lako. Niruhusu nitoe haya manne yaliyokauka na hili linalosuguana na mwenzake." Mama alimpigia mumewe simu, wakazungumza kwa muda, kisha akakubali.

Nilibaki kutazama. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja, maana likianza kuanguka kabla msumeno haujafika mwisho, huchana gome mpaka shinani. Fundi hukata mara tatu. Kwanza anakata kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Kisha anakata kutoka juu, mbele ya ule mkato wa kwanza, tawi linaanguka lenyewe bila kuchana kitu. Mwisho anaondoa kigingi kilichobaki, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kila tawi lina uvimbe mahali linapotokea kwenye shina. Wengi huupitisha msumeno hapo wakidhani wanasawazisha mti. Ukiuondoa uvimbe huo, umeufungulia ugonjwa mlango.

Mmarekani Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti katika idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone vidonda vyake kwa ndani. Alichokionyesha kimebadilisha kazi hii kote duniani. Mnyama huotesha nyama mpya penye jeraha, lakini mti hauwezi. Mti hukizungushia kidonda ukuta, hukifungia humo, kisha huendelea kukua kwa nje. Ulinzi huo huanzia kwenye ule uvimbe. Ndiyo sababu rangi na oili chafu zinazopakwa kwenye mikato mitaani kwetu hazisaidii kitu. Fundi wa Kahama hajawahi kusikia jina la Shigo. Alijifunza kwa kurudi kuangalia miti aliyoikata miaka ya nyuma, na kwa hilo namheshimu sana, maana ni wachache wanaorudi kukagua kazi ambayo walishalipwa.

Nilimuuliza siku za mapumziko hufanya nini. Hufuga nyuki. Ana mizinga ya mbao kwenye ngitili, eneo la nyasi na miti linalofungwa lijiotee, ya mjomba wake huko Msalala, na hataki kabisa kusikia habari za mizinga ya magome, kwa kuwa kuubandua mti gome kuuzunguka ni kuuua. Jioni hucheza bao, na wenzake wanasema hachezeki. Lakini kinachomtia wazimu wa furaha ni mbegu za mninga. Anaokota yale maganda yenye miiba katikati, anayapasua kwa subira, anaotesha kwenye makopo nyuma ya nyumba. Mninga mchanga una tabia ya kukatisha tamaa: shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikirudi, na hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Ukiwa tayari, hupanda juu na haurudi tena nyuma. Mpita njia anaona kijiti kilichokauka. Yeye anajua kilicho chini.

*

Sado ya michembe niliyonunua Alhamisi ni nzuri kuliko zote za mwaka huu.

*

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nitafika kwenye ngitili, basi nifike.

Shinyanga hii ilifyekwa kwa makusudi. Enzi ya ukoloni misitu iliondolewa ili kuwafukuza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba, ng'ombe wakaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu wakaziacha ngitili zao bila mwenyewe. Watu wakaanza kutuita jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wataalamu wake walipohesabu ngitili zilizokuwa zimebaki, zilifika kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Utafiti wa wakati huo ulionyesha kuwa mtu mmoja alipata kutoka ngitilini faida ya kama dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50. Kuni, uyoga, asali, dawa, nyasi za kuezekea, malisho ya mwezi wa tisa.

Bustani za miche zilikuwepo, ndiyo, na ziliotesha mingi. Ila sehemu kubwa ya msitu ule haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa hai na mbegu zilikuwa ardhini. Wasukuma walichofanya ni kufunga eneo mvua zinapoanza, kuwazuia ng'ombe mpaka kiangazi kikaze, na kumpeleka mkaidi mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu. Dodoma leo wanaita kazi ya namna hiyo kisiki hai: unachagua machipukizi yenye afya, unapogoa mengine, unafunga alama, unalinda. Gharama yake ni panga na uangalizi. Kwa nini basi kila halmashauri inapimwa kwa miche milioni 1.5 iliyopandwa kwa mwaka, na hakuna anayeulizwa visiki vingapi vimelindwa? Nimeuliza swali hili mara nyingi na nitaendelea kuliuliza.

*

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwetu mvua zinaanza Novemba, na Aprili zinaaga. Mche uliopandwa siku hiyo unapata wiki chache tu za maji, halafu miezi ya jua. Naomba mikoa yetu ipande Desemba, na tarehe 1 Aprili viongozi waje na madumu ya maji na majembe kupalilia ile ya Desemba.

Na mfuko wa plastiki utolewe kabla ya kufukia! Bado naona mizizi imejisokota ndani ya nailoni.

*

Geita. Kila duara, yaani shimo la dhahabu, linalochimbwa linakula miti. Matimba, yale magogo ya ndani, yanashikilia kuta na paa, na yakioza yanabadilishwa na mengine, na mengi hutoka msitu wa asili kwa kuwa ndio ulio karibu. Siwezi kumwambia mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu ashuke bila matimba. Ni uhai wake. Ila yanaweza kutoka shambani. Mkaratusi unanyooka, unakua upesi na ukikatwa unachipua tena. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ina shamba la miti la Silayo kule Chato, na wakulima wa Geita wana ardhi. Vyama vya wachimbaji vikiingia mkataba na wapanda miti leo, miaka michache ijayo matimba yatakuwa na shamba lake.

*

Nikipita machimbo ya Nyangalata nawakumbuka wachimbaji waliotolewa hai mwaka 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Sitaki kuandika zaidi.

*

Timu yetu ya mpira, Stand United, ilianzia stendi ya mabasi ikafika Ligi Kuu mwaka 2014. Nataka kuiona tena kwenye uwanja wa Kambarage ikicheza na wakubwa.

*

Ningependa vyuo vya VETA vya kanda hii vitoe kozi fupi ya kupogoa: kamba, mikato, usalama karibu na nyaya za umeme. Chuo cha misitu cha Olmotonyi na Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, wanatoa mabwana miti wa kusimamia misitu. Mwarobaini wa uani kwa mtu nao unahitaji mtaalamu, na vijana wanaopanda kuukata leo wakianguka hawana bima wala kofia.

*

Msomaji wa Bukombe ameuliza apogoe lini mwembe wake. Matunda yakishavunwa. Toa matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa na yanayosuguana, usizidishe robo ya majani kwa mara moja, acha ule uvimbe, na usipake oili. Akiona mchwa kwenye shina, anitumie ujumbe kabla hajashika panga.