Daftari la mgonjwa wa kisukari lisiwe pambo

Maduka ya vitabu mijini siku hizi yana madaftari ya kifahari yenye jalada la ngozi, karatasi za nukta na kalamu za rangi chungu nzima. Mengi hununuliwa kwa sababu ya mtindo ulioanzishwa na Mmarekani Ryder Carroll na kuenea tangu 2013. Katika mtindo huo, mtu huandika shughuli zake kwa maneno machache na alama: nukta kwa jambo la kufanywa, duara kwa tukio, kistari kwa maelezo. Mtindo wenyewe ni mzuri. Kosa ni kudhani kwamba hauanziki bila gharama.

Kwa maoni yangu, anayeuhitaji zaidi ni mgonjwa wa kisukari, na vifaa vyake havizidi vya mtoto wa shule ya msingi.

Tuchukue mfano wa Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa, iliyofunguliwa 1992. Huko jua ni kali na jokofu ni adimu. Mahali pa aina hiyo, mgonjwa asiye na jokofu mara nyingi hulazimika kwenda hospitalini kila siku, hata zaidi ya mara moja, ili adungwe insulini. Mnamo 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya kutia moyo. Joto lililopimwa nyumbani Dagahaley lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika hali kama hiyo kwenye maabara kwa wiki 4 ilibaki na nguvu zake.

Yafaa ieleweke kwamba matokeo hayo si ruhusa ya kuacha dawa juani au ndani ya gari. Mwenye jokofu aendelee kulitumia, na asiye nalo ashauriane na daktari wake. Zaidi ya hayo, wiki 4 lazima zihesabiwe. Nani atakumbuka chupa ilifunguliwa Jumanne ipi? Hapo ndipo daftari linapookoa maisha.

Nunua daftari la visanduku, lile la hesabu. Visanduku vinakuchorea jedwali nusu: tarehe, sukari ya asubuhi, sukari ya jioni, kipimo cha dawa, maelezo. Mstari mmoja kwa siku moja unatosha. Ongeza rula na biki mbili. Ya buluu ni ya kila siku. Nyekundu ni ya mambo mawili tu: tarehe ya kufungua chupa, na sukari iliyoshuka chini ya 4. Penseli hufutika, na wino wa maji husambaa ukiguswa na jasho. Mwisho, tafuta faili ya plastiki yenye kifungo ili kuzuia vumbi na mvua.

Ukurasa wa kwanza andika jina lako, dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru na nambari ya simu ya jamaa.

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu huisha chaji. Tena ukizirai barabarani, simu yako iliyofungwa kwa nambari ya siri huenda isimwambie msamaria chochote. Daftari hufunguliwa na yeyote.

Daftari la bei ghali lina ubaya mwingine: mwenyewe huliogopa. Akikosea mstari mmoja husikitika, akiruka siku mbili huona limeharibika, kisha huliweka kabatini. La bei nafuu huandikwa hata kwa mkono unaotetemeka.

Ombi langu kwa kliniki zetu ni hili: mgonjwa anapopewa insulini na sindano za kwenda nazo nyumbani, apewe pia daftari na biki, na muuguzi amjazie mstari wa kwanza. Daktari anayekuona kwa dakika chache hajui sukari yako ilikuwaje Ijumaa usiku. Mwonyeshe.