Mbio si Bei: Subaru, Lancer na Magari ya Fahari

Upo ubishi usiokatika katika gereji za Nairobi. Je, gari la milango minne lililotumika Japani, likaletwa Mombasa kwa meli na hatimaye likaongezwa nguvu na fundi wa mtaani, laweza kulingana na gari la fahari la mbio ambalo bei yake ni mara tano au hata mara kumi? Wapenzi wa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution huapa kwamba laweza. Wenye Porsche, ambao ni wachache, aghalabu hutabasamu tu wakaenda zao. Ubishi wenyewe umechukua sura ya malumbano ya washairi magazetini: kila jibu huzaa jibu jingine, wala hakuna mshiriki anayetamani yafike kikomo.

Hata hivyo, si porojo za kupitishia wakati. Wapo vijana wanaoteketeza akiba ya miaka kwa sababu ya hukumu wanayoifikia katika mjadala huo, na wapo wanaozikwa kwa sababu iyo hiyo. Kwa hivyo inafaa hukumu itolewe kwa uangalifu. Makala haya yanashikilia kwamba gari la bei nafuu lilikwisha kulishinda gari la fahari, tena kwa haki. Ila kile kilicholipa ushindi sicho kinachonunuliwa leo na wengi wa mashabiki wake.

Ushahidi wa kwanza uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na kwa miongo kadhaa yalikuwa mtihani ulioogopwa na kila kampuni ya magari duniani. Porsche, kampuni ambayo jina lake ni kisawe cha mbio, iliutamani ushindi wa Safari kwa muda mrefu. Mwaka 1972 Porsche 911 ya Sobiesław Zasada ilimaliza ya pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård alishika nafasi iyo hiyo kwa gari la aina iyo hiyo. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo naye akawa wa pili, tena kwa 911. Na ni nani aliyemtangulia Waldegård mwaka 1974? Ni Joginder Singh, Mkenya, akiendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, ndugu wa magari madogo yaliyokuwa yakiwapeleka makarani kazini. Singh aliurudia ushindi huo mwaka 1976 kwa Lancer vilevile. Porsche haikupata kushinda Safari ile ya asili. Waldegård alilazimika kungoja hadi mwaka 2011, katika Safari ya magari ya kale, ndipo alipoiongoza 911 hadi ushindi.

Lancer ya Singh haikuwa na tabo wala haikuvutwa na magurudumu yote manne. Hayo yalikuja baadaye, na yalipokuja yaligeuza mambo kabisa. Mwaka 1992 Subaru ilitoa Impreza WRX, na mwaka huo huo Mitsubishi ikatoa Lancer Evolution ya kwanza. Sababu ya kuzaliwa kwa magari hayo haikuwa huruma kwa mnunuzi mwenye kipato kidogo. Kanuni za mashindano ya dunia zilidai kwamba kampuni iunde na kuuzia umma maelfu ya magari ya aina inayotaka kushindana nayo. Kwa hivyo mwalimu wa Osaka aliyetaka gari la kubebea watoto wake aliweza kuingia dukani na kutoka na mashine iliyobuniwa kwa ajili ya vumbi la Naivasha na barafu ya Uswidi. Gharama ya utafiti ilikuwa imelipwa na hazina ya mashindano. Hiyo ndiyo siri ya unafuu wake, na ndiyo maana si sahihi kuliita gari la maskini lililojitutumua.

Kutoka mwaka 1996 hadi 2001 Safari iliendeshwa mara sita. Mara tano mshindi alitoka katika kampuni hizo mbili: Tommi Mäkinen na Richard Burns kwa Mitsubishi, Colin McRae na Burns yuyo huyo kwa Subaru. Ni mwaka 1999 pekee ambapo Ford ilipenya katikati. Ni kweli kwamba Subaru za miaka hiyo zilikuwa zimeanza kutofautiana sana na zile za madukani. Lakini mwaka 1994 Patrick Njiru alikuwa amemaliza wa nne kwa Impreza iliyokaribiana mno na gari la kawaida, na wazee wa Nyeri na Nakuru waliosimama kando ya barabara siku hizo hawahitaji kusimuliwa.

Mtetezi wa magari ya fahari atajibu kwamba matope si barabara ya lami. Sawa. Ichukuliwe basi Porsche 911 Carrera ya mwaka 1997, yenye injini ya lita 3.4 na nguvu za farasi 300. Kwa mujibu wa kampuni yenyewe, gari hilo lilifikia kilomita 100 kwa saa kutoka hali ya kusimama kwa sekunde 5.2. Evolution za miaka hiyo, zenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 280, zilichukua sekunde tano na ushei. Nambari 280 haikutokana na udhaifu wa mafundi: kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana kutoivuka, nazo ziliheshimu mapatano hayo hadi mwaka 2004.

Mwaka huo wa 2004 Waingereza walionyesha kilichowezekana pale kamba ilipolegezwa. Tawi la Mitsubishi huko lilikuwa likiuza Evolution VIII iliyopewa jina FQ-400, yenye nguvu za farasi 405 kutoka lita zile zile 2. Kipindi cha televisheni cha Top Gear kililipambanisha na Lamborghini Murciélago, gari la silinda 12, lita 6.2 na nguvu za farasi 580, ambalo bei yake ilizidi mara tatu. Katika uwanja wenye kona nyingi, Lamborghini ilishindwa kumtoroka mfuasi wake. Kwa saa ya dereva wao wa majaribio, tofauti ya mzunguko mzima ilikuwa takriban sekunde moja. Sekunde moja kwa zaidi ya pauni laki moja!

Lakini Nairobi si Uingereza, na hapa pana hoja ambayo wabishi wa pande zote huisahau. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa hupungua kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Murciélago ile, ikiletwa Nairobi, itakuwa imeacha nguvu za farasi zipatazo 100 huko pwani. Carrera nayo itapoteza 50 na zaidi. Injini yenye tabo haidhuriki kiasi hicho, maadamu kazi ya tabo ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu badala ya kungoja ivutwe. Kwa hivyo pengo ambalo lilikuwa dogo Ulaya huweza kufutika kabisa katika Barabara ya Ngong. Ikiwa mvua imenyesha, na magurudumu manne yanagawana kazi ya kushika lami, huenda likageuka. Matuta nayo hayahitaji maelezo. Gari la fahari huyapanda kwa mshazari, polepole, kama bibi harusi anayeogopa kuchafua vazi lake.

Je, mjadala umekwisha? La hasha. Vipimo vyote hivi ni vya muda mfupi: sekunde tano, mzunguko mmoja. Fedha nyingi zinazolipwa kwa Porsche haziendi kwenye sekunde tano hizo. Zinakwenda kwenye dakika ya ishirini. Gari la aina hiyo limeundwa likimbizwe kwa nguvu zake zote mara kwa mara, mafuta ya injini yasichemke kupita kiasi, breki zisilegee, na kesho yake limpeleke mwenyewe ofisini pasi na malalamiko. Breki zake ni kubwa kuliko mwendo wa kawaida unavyodai. Vipoza joto vyake vimewekewa hesabu ya akiba. Evolution iliyotoka kiwandani ilikaribia ubora huo. Evolution iliyokwisha kupitia mikono mitatu ya mafundi na kuongezwa nguvu za farasi 100 kwa kompyuta ni jambo jingine.

Hapa ndipo shabiki wa Nairobi anapojidanganya. Anapotaka kuongeza nguvu, fundi huingia kwenye kompyuta ya injini na kupandisha shinikizo la tabo. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na gari hutoka likiruka kama swara. Lakini injini nyingi za Japani za aina hii zilipimwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, inayofikia okteni 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli dhaifu ikibanwa kwa shinikizo kubwa hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ni nyundo juu ya pistoni. Wamiliki wa Subaru wanaijua vyema hadithi ya pistoni iliyopasuka kwenye mifereji ya ringi zake. Injini yote hufunguliwa, na bei ya kuisuka upya humeza ule unafuu uliosifiwa tangu mwanzo.

Pistoni angalau hununuliwa. Suala la breki ni zito zaidi, na linastahili kusemwa bila kuzungushwa. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza haipandi sambamba na mwendo. Hupanda kwa kipeo chake cha pili. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa linabeba karibu maradufu ya nishati ya gari linalokwenda 100, ingawa mwendo umeongezeka kwa asilimia 40 tu. Mhandisi wa Subaru alilijua jambo hilo, ndiyo maana WRX STI ilipewa breki za kampuni ya Brembo. Kijana aliyenunua Impreza ya kawaida, akaifunga tabo ya gari kubwa na bomba la moshi linaloamsha mtaa mzima, huku akiacha breki za zamani na tairi zilizokwisha kwa sababu fedha zimemwishia, hakuunda mshindani wa Porsche. Ameunda chombo chenye mbio za Porsche na kusimama kwa matatu chakavu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili linavuma kutoka Roysambu hadi Juja.

Katika kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Si haki kuwatwika wapenzi wa Subaru mzigo huo wote. Malori, pikipiki na matatu yana sehemu yake. Lakini mama anayevuka Barabara ya Thika saa mbili usiku hana haja ya kujua gari linalomjia lina nguvu za farasi ngapi. Linalomhusu ni mita ambazo litahitaji ili lisimame.

Ulinganisho wa haki, basi, ungeanza na swali la mpangilio wa matumizi. Mwenye fedha za kazi moja tu mwaka huu anunue tairi nne nzuri na breki. Akipata tena mwakani, ashughulikie vipoza joto na mafuta. Kompyuta na tabo zingoje mwaka wa tatu, na kupigwa hesabu kufuate petroli inayopatikana mtaani kwake. Kwa mpangilio huo gari lake litabaki katika mantiki iliyomshindia Joginder Singh: gari dogo ambalo kila kiungo chake kinatosheleza kiungo kingine.

Tena muda si mwingi. Mitsubishi iliacha kuunda Evolution mwaka 2016, na Subaru ikaifunga WRX STI mwaka 2021. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, mlango wa Evolution kupitia bandari ya Mombasa umekwisha kufungwa kwa mnunuzi wa kawaida. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na baadhi yake wiki hii zimo gerejini, injini zikiwa zimefunguliwa juu ya magunia, zikingoja pistoni.